Mwana wa Butiama Aliyejua Kuondoka Kitini

Apitaye Nyasho, katika mji wa Musoma, asubuhi ya siku ya kazi, hukuta watu wengi waendao na warudio: wauza samaki, wenye pikipiki, wanafunzi waliovaa sare, akina mama wenye vikapu vichwani. Si rahisi kuwaza ya kwamba katika mji huu huu, mwaka 1934, aliletwa mtoto wa miaka 12 kutoka vilima vya Butiama, maili 26 hivi kutoka ziwani, akatiwa katika shule ya bweni ya Mwisenge ajifunze herufi za kwanza. Mtoto huyo aliitwa Kambarage. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Julius Nyerere, na watu wa nchi yake wakamwita Mwalimu.

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba redio na magazeti hujaa sifa zake. Sisi nasi twamkumbuka, lakini twaomba ruhusa ya wasomaji wetu kumkumbuka kwa namna nyingine kidogo. Sifa zimesemwa sana, na lawama nazo zimesemwa sana, kila moja kwa wakati wake, kana kwamba ni habari za watu wawili wasiofahamiana. Kwetu Wakatoliki jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma, kwa idhini ya Roma, lilianza njia ya kuyachunguza maisha yake, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Mtu ambaye Kanisa linamchunguza hahitaji wapiga makofi, ahitaji mashahidi. Basi na tuyatazame maisha yale jinsi yalivyokuwa, hasa katika jambo moja ambalo kwa maoni yetu halikutazamwa vya kutosha: mara ngapi mtu huyu aliondoka mahali ambapo wengine wangeng'ang'ania, na alikwenda wapi alipoondoka.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Mwitongo, Butiama. Baba yake alikuwa Burito Nyerere, chifu wa Wazanaki wa Butiama, na mama yake alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu huyo. Jina la Nyerere latokana na wale viwavi walioiharibu mimea mwaka ule Burito alipozaliwa. Jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha. Hivyo mtoto alikuwa na jina la mvua, na baba alikuwa na jina la wadudu wala mazao. Mkulima ye yote wa Mara ataelewa mara moja uzito wa majina hayo mawili.

Asidhani msomaji kwamba kuwa mtoto wa chifu kulikuwa kukaa juu ya matakia. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto walikula jasho la mama zao. Kambarage alichunga mbuzi, akalima pamoja na mama yake, akala mlo uliokuwapo. Husimuliwa kwamba alipenda sana mchezo wa bao, na ya kuwa Chifu Ihunyo wa Busegwe, rafiki ya baba yake, alipoona jinsi kijana yule mdogo alivyohesabu kete zake, alimshauri Burito ampeleke shule. Twapenda kuiamini hadithi hiyo. Wengi wameingia shuleni kwa sababu zilizo duni kuliko bao.

Pale Mwisenge alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyowachukua wenzake minne. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo James Irenge, na miongoni mwa rafiki zake alikuwamo Oswald Mang'ombe Marwa. Rafiki huyu ndiye aliyemvuta kwenda kusikiliza mafundisho ya dini. Si mbali na mji kuna misheni ya Nyegina, ambayo Mapadre Weupe waliianzisha mwaka 1911, na mafundisho ya Kikatoliki yaliwafikia wanafunzi wa Mwisenge kutoka huko. Kambarage alianza kuhudhuria kama mwanafunzi ye yote anavyofuatana na rafiki yake. Lakini alipokwenda Tabora mwaka 1937, katika shule ya Serikali ambayo wakati ule ilichukua vijana wateule wa nchi nzima, hakuyaacha mafundisho yale njiani. Aliendelea nayo kwa miaka yote ya Tabora bila kubatizwa.

Wako waulizao kwa nini alikawia. Wasomaji wetu waliolelewa katika nyumba za Kikristo tangu kuzaliwa hawana budi kukumbuka maana ya jambo hilo kwa kijana wa nyumba ile. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wajibu wa mila kwa watu wake. Tena, kwa desturi ya Wazanaki, wazee walikuwa wamekwisha mposea binti mmoja kwa kulipa mahari, kijana mwenyewe akiwa angali mwanafunzi. Kubatizwa kulikuwa kuyashika mambo hayo yote na kuyapima upya. Chifu Burito alifariki mwaka 1942, na kiti chake kikarithiwa na mwanawe mwingine, Edward Wanzagi. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, Kambarage alibatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21, na tayari alikuwa mwanafunzi wa Makerere huko Uganda. Uchumba ule wa utotoni haukufika kuwa ndoa ya Kikristo, ukavunjwa.

Katika Makerere alifanya kazi moja ya kalamu ambayo twaona yafaa kutajwa zaidi ya inavyotajwa. Aliandika insha kuhusu hali ya wanawake katika nchi yake, akiongozwa na mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, akashinda tuzo. Wengine huona ajabu kwamba kijana wa Kizanaki wa miaka 22 alichagua habari hiyo. Sisi hatuoni ajabu. Alikuwa amemwona mama yake akilima, akisaga na kubeba maji katika boma la wake 22. Mill alimpa maneno tu. Jambo lenyewe alikuwa nalo tangu Butiama.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 aliitwa na shule mbili, zote za Tabora. Shule ya Serikali, iliyomlea, ilimtaka; na shule ya Mtakatifu Maria, ya Mapadre Weupe, nayo ilimtaka. Serikali ilikuwa na mshahara bora na malipo ya uzeeni. Alichagua ya mapadre. Huku kulikuwa kuondoka kwake kwa kwanza, ingawa pengine ni sahihi zaidi kusema kuwa ni kukataa kuingia. Alifundisha hapo biolojia na historia kutoka 1946 hadi 1949, na mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alimsaidia kupata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Akaenda Scotland, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma historia, uchumi, falsafa na fasihi ya Kiingereza, akarudi mwaka 1952 akiwa na digrii ya M.A. Watanganyika wenye digrii siku zile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Watu wa Butiama walimwona msomi huyo akifanya nini? Walimwona akikanyaga udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, kwa ajili ya mchumba wake Maria Waningu Gabriel Magige, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Nyegina. Walifunga ndoa mwezi wa Januari 1953. Halafu wakahamia pwani, kwa kuwa bwana arusi alikuwa amepata kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam, chini ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Habari za Pugu zajulikana. Mwezi wa Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha T.A.A., na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Mwalimu wa Pugu alifundisha siku za kazi, na mwisho wa juma alikwenda mjini kwa mikutano, mara nyingi kwa miguu. Mwezi wa Machi 1955 fedha zilichangwa, akapanda ndege kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliomba jambo lililoonekana dogo kwetu leo, lakini lililowaudhi sana wakubwa wa siku zile: itamkwe wazi kwamba Tanganyika itakuja kuwa nchi ya kujitawala chini ya Waafrika walio wengi.

Aliporudi, wakuu wa shule walimweleza kwamba hawezi kuendelea na yote mawili. Hawakumfukuza. Serikali ya Kiingereza iliwatazama kwa jicho kali, nao walikuwa na shule ya kulinda, walimwambia achague. Yeye alikuwa na mke, na jamaa nyumbani waliomtazamia. Mshahara wa mwalimu mwenye digrii ulikuwa kitu kikubwa sana kwa Mwafrika wa mwaka 1955. TANU haikuwa na fedha za kumlipa mtu. Akaandika barua ya kuacha kazi mwezi ule ule wa Machi.

Hapa ndipo twataka kukaa kidogo, maana wengi wasimuliao maisha yake hurukia haraka mikutano mikubwa na bendera. Mwalimu hakurukia huko. Alichukua jamaa yake akarudi Musoma.

Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa wamefika Musoma mwaka 1946, wakapokea misheni kutoka kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1955 walikuwa na shida ambayo kila mmisionari mgeni huijua: Kiswahili walikuwa wamejifunza, lakini Kizanaki hawakukijua, na bibi kizee wa Butiama haungami dhambi zake vema kwa lugha ya mjini. Padre William Collins akamwajiri Mwalimu awafundishe. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Padre Arthur Wille, aliyekuwa bado kijana, na ambaye baadaye aliishi Musoma miaka mingi na kumfahamu sana mwalimu wake huyo.

Na msomaji ajaribu kuiona picha hiyo. Majuma machache yaliyopita mtu huyu alikuwa amesimama New York, akisikilizwa na wajumbe wa mataifa. Sasa ameketi katika chumba cha misheni, mbele ya Mmarekani mmoja anayejikwaa katika viambishi vya Kizanaki, akimsahihisha neno kwa neno, kwa malipo madogo. Wakati ambapo hakufundisha alitafsiri mafundisho ya dini na masomo ya Misa katika lugha ya mama yake. Miezi ikapita hivyo. Wakubwa wa Serikali huenda walidhani moto umezimika. Baadhi ya wenzake wa pwani nao walianza kuwa na wasiwasi, kwa sababu rais wa chama yuko mwisho wa nchi, kando ya Ziwa Viktoria, na chama ndiyo kwanza kina mwaka mmoja.

Hatudai kujua yote aliyoyawaza katika miezi ile. Lakini twaona kwamba kazi ile haikuwa likizo wala kukimbia. Kizanaki ni lugha ya watu wachache, wa vilima vichache. Haikuwa na vitabu vya kumfanya mtu ajulikane kwa kuvitafsiri. Mtu aliyekuwa akitafuta ukubwa angekuwa mpumbavu kuitumia nusu ya mwaka kwa kazi hiyo. Nasi twajua ya kuwa hakuwa mpumbavu. Katika miaka ya baadaye, alipotafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice za Shakespeare kwa Kiswahili, watu walishangaa kwamba Rais wa nchi apata wapi nafasi na mazoea ya kazi ya namna hiyo. Mazoea, kwa sehemu, yalikuwa yametoka katika chumba kile cha Musoma.

Mwezi wa Oktoba 1955 alirudi Dar es Salaam, sasa kuitumikia TANU kwa siku zote saba. Alipokewa na kukaa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu, ambaye alikuwa rais wa T.A.A. kabla yake. Gazeti la Kikatoliki halina budi kusema jambo hili bila kumumunya maneno: kijana yule Mkatoliki kutoka bara alibebwa mabegani na Waislamu wa mjini. Akina Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed, pamoja na masheikh na wazee wa Kariakoo na Gerezani walimpa nyumba, chakula, fedha na watu. Ibada zao na zake zilikuwa mbalimbali, na chama hakikumwuliza mtu dini yake mlangoni. Akumbukaye ubatizo wa Nyegina akausahau ukarimu wa Gerezani amesimulia nusu ya maisha.

Yaliyofuata twayapita upesi, maana hata watoto wa darasa la tano huyajua. Mwaka 1957 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akajiuzulu mwezi wa Desemba mwaka ule ule alipoona mapendekezo yake hayasikilizwi, kuondoka kwingine. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maandishi ya kuwakashifu maofisa wa Serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata Uhuru, naye akiwa Waziri Mkuu.

Na tazama: tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Nchi ilishtuka. Magazeti ya ng'ambo yalitafuta ugomvi uliofichwa. Yeye akaenda kuzunguka vijijini, akajenga upya chama ambacho viongozi wake wote walikuwa wameingia ofisini na kuwaacha wanachama nje. Mwezi wa Desemba 1962 alirudi akiwa Rais wa Jamhuri, kwa kura za wananchi.

Alikaa katika kiti hicho, cha Tanganyika na kisha cha Tanzania, miaka 23, muda ambao si mfupi. Mtu anayetaka kumsifu kwa kujua kuondoka hana budi kuukumbuka urefu huo pia. Katika miaka hiyo palikuwako Muungano na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964, na Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Palikuwako elimu ya watu wazima, ambayo kwa hesabu za Serikali iliipunguza idadi ya wasiojua kusoma kutoka watu wawili kati ya watatu mwaka 1967 hadi mmoja kati ya kumi hivi mwaka 1986. Palikuwako kambi na ofisi za wapigania uhuru wa nchi za kusini. Palikuwako vita ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Vita hiyo iliwaletea Waganda nafuu kutoka kwa mtawala yule, na kwetu ikaleta makaburi, madeni na foleni za sukari na sabuni. Hakupatikana mtu aliyeweza kusema kwamba Rais ametajirika. Adui zake walitafuta sana.

Lakini kulikuwako na mengine, na mashahidi wa kweli hawayafichi. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu ilipitishwa mwaka 1962, naye akaitumia. Bibi Titi Mohamed, yule aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam alipokuwa Nyerere hana hata nauli, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini mwaka 1971. Aliachiliwa mwaka 1972, lakini miaka mingi ikapita jina lake likitajwa kwa kunong'ona. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi katika kijiji. Jambo lililoanza kwa hiari likawa amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Wako wasomaji wetu, hata katika mkoa wa Mara, ambao wazazi wao walilala chini ya mti wakingoja nyasi za kuezekea huku mazao yao yameachwa shamba la mbali. Mtu aliyelalishwa nje hivyo hapunguziwi baridi kwa kuambiwa kwamba Rais alikuwa na nia njema.

Kwa kutenda haki twaongeza kwamba yeye mwenyewe, kabla hajatoka madarakani, alikiri hadharani makosa kadhaa, mojawapo kuvivunja vyama vya ushirika, na jingine kuzifuta serikali za mitaa. Watawala wenye kukiri wangali wakiwa kitini ni wachache. Hata hivyo kukiri si kurudisha. Vyama vile vya pamba na kahawa havikupata tena nguvu yao ya kwanza.

Kanisa nalo lilikuwa na neno lake naye. Shule zetu, zile zile zilizomlea kama mwalimu, zilitwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1969, Pugu na Mtakatifu Maria zikiwamo. Wako mapadre na masista waliolia. Wako pia wazazi Waislamu na wa dini za asili ambao kwa mara ya kwanza waliona watoto wao wakiingia shule nzuri bila kuulizwa habari za ubatizo, na kilio kimoja hakiufuti wimbo wa pili. Mwezi wa Oktoba 1970 Mwalimu aliwahutubia Masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia wazi kwamba Kanisa lisiposhiriki katika mapambano ya maskini dhidi ya hali zinazowadhili litajiondoa katika maisha ya watu. Hakusema hivyo kama mgeni. Alikuwa akinena na jamaa ya wale aliowafundisha Kizanaki, na akahudhuria Misa yake kama kawaida.

Mwaka 1985 aliondoka. Twaomba wasomaji, hasa vijana, wapime uzito wa neno hilo kwa mizani ya miaka ile. Katika Afrika ya wakati huo rais alitoka Ikulu kwa risasi, kwa ndege ya usiku, au kwa jeneza. Leopold Senghor wa Senegali alikuwa amejiuzulu kwa hiari mwisho wa 1980, na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun mwaka 1982. Baada ya hao hesabu yaisha upesi. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 63, mwenye afya, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa. Mwezi wa Novemba alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Uenyekiti wa chama aliuacha baadaye, mwaka 1990. Wengine husema kwamba aliondoka wakati mambo ya uchumi yamemshinda, akawaachia wengine kupatana na wakopeshaji wa nje. Pana ukweli ndani yake. Lakini wako wengi walioshindwa na uchumi vibaya zaidi wakakaa.

Akarudi Butiama. Alilima, akasoma vitabu vyake, akacheza bao na wazee wa pale, akahudhuria Misa kila siku alivyozoea. Kazi nyingine zilimfuata: Tume ya Kusini, aliyoiongoza tangu 1987 hadi 1990, na tangu mwaka 1996 upatanishi wa Warundi, uliomchukua Arusha mara kwa mara wakati ambapo mzee wa umri wake angekuwa akiota jua uani.

Kisha ile kazi ya 1955 ikarudi. Mwalimu alizitunga Injili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, kwa mashairi ya utenzi wa Kiswahili, na vitabu hivyo vilichapwa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Utenzi ni chombo cha pwani, kilicholelewa kwa karne nyingi na Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa, ambao kwa utenzi walisimulia habari za manabii na vita vitakatifu. Mzanaki wa Butiama akakichukua chombo hicho, akatia ndani yake habari ya Mwana wa Mariamu. Hatujui kama alikuwa akimkumbuka Padre Wille na masomo ya Misa ya Kizanaki. Wala hatujui kama alikuwa akiwakumbuka wenyeji wake wa Gerezani. Vitabu vyenyewe vinazo alama za kote kuwili. Twasikitika tu kwamba vinapatikana kwa shida, na kwamba katika parokia nyingi hakuna hata mtu mmoja aliyevifungua.

Mama yake Mgaya, aliyebatizwa kwa jina la Christina, aliishi akayaona yote hayo. Alifariki mwaka 1997, mzee sana. Mwanawe alimfuata baada ya miaka miwili. Ugonjwa wa saratani ya damu ulimpeleka London, katika hospitali ya St Thomas', na hapo alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Alirudishwa nchini, watu wakajipanga barabarani, wengine wao wakiwa ni wale wale waliohamishwa vijijini kwa nguvu miaka 25 iliyotangulia. Walilia kweli, na twaliona hilo ni jambo gumu kueleza, wala hatutajaribu.

Sasa ni kazi ya mashahidi. Kanisa linapouchunguza mwenendo wa mtu halimwiti rafiki tu. Humwita na yule mwenye neno la kupinga, na neno lake huandikwa vile vile. Mwenye baba aliyefungwa ana haki ya kusema. Mwenye bibi aliyefundishwa kusoma akiwa na miaka 50 ana haki ya kusema. Waliomjua ujanani wamekwisha ondoka mmoja mmoja, na aliye nyumbani kwake na barua, picha, au simulizi la mzazi lililoandikwa katika daftari, amepewa amana. Asiiache iliwe na mchwa, wala asiipambe.

Alizikwa tarehe 23 Oktoba 1999 hapo Mwitongo. Kutoka Nyasho ni safari ya saa moja hivi kwa gari, kupitia Makutano, hadi penye mawe makubwa na miti, mahali alipozaliwa. Kaburi lake li karibu na makaburi ya wazazi wake, Burito na Mgaya.